Vidole vya Naeku

Shambani, Kajiado
Jumapili, 9 Machi 2025

Ndugu yangu Dalmas,

Usishtuke kuona mwandiko wangu kwenye karatasi kama enzi za shule. Simu yangu wamechukua, wanasema ni ushahidi. Barua hii nimempa Gitonga, dereva wa lori la maua. Anapita Kitengela kila alasiri akienda uwanja wa ndege, na amekubali kukuachia hapo dukani kwako. Majibu mpe yeye, analala huko na kurudi shambani asubuhi.

Sijui umesikia nini, kwa hivyo wacha nikuambie mwenyewe. Jumatano tulikuwa na haraka ya maua ya Siku ya Wanawake. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilisimama mbele ya kile kioo cha kompyuta ulichotuwekea kwenye chumba cha kupakia, nikasoma kazi za siku, kila nyumba ya maua na mstari wake. Nyumba ya tano: waridi jekundu, kuvuna, kundi la Naeku. Nikawatuma. Wanawake sita waliingia na visu vyao na ndoo, na hata nusu saa haikuisha nikasikia mayowe. Ile nyumba ilikuwa imepigwa dawa Jumanne jioni, baada ya wadudu kuonekana, na hakuna mtu aliyepaswa kuingia mpaka Alhamisi.

Watano wametibiwa wakarudi. Naeku bado amelazwa hospitalini Kajiado, anapumua kwa oksijeni. Unamkumbuka Naeku. Ni yule ambaye hajui kusoma, anayeweka vidole juu ya kioo na kuhesabu mistari, kidole kimoja nyumba moja, na siku hizi hapotei kabisa.

Ofisi wanasema onyo lilikuwepo. Wamenionyesha kwenye kompyuta yao, mwisho kabisa wa mstari wa nyumba ya tano: MSIINGIE HADI ALHAMISI. Limeandikwa na saa yake, saa moja jioni Jumanne. Kamati inakaa Ijumaa tarehe 21. Wakiamua kwamba nilisoma nikapuuza kwa sababu ya haraka, nitaachishwa kazi na nitapelekwa polisi. Felix atamaliza shule mama yake akiwa ndani.

Dalmas, mimi sikuliona hilo onyo. Wewe ndiye ulitengeneza ile programu inayotoa orodha ofisini na kuileta kwenye kioo chetu. Iangalie, uniambie kitu kimoja tu: onyo lilifika kwenye kioo au halikufika?

Na uje Jumapili ijayo. Wageni wanaruhusiwa mpaka saa kumi. Ninahitaji kuona uso wa mtu wangu.

Dada yako,
Dolphine Achola


Kitengela
Jumanne, 11 Machi 2025

Dada Dolphine,

Pole sana. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Gitonga ameniambia huli. Tafadhali kula.

Kuhusu programu, nitaiangalia. Lakini lazima uelewe kwamba hivi vitu havina jibu la haraka. Kuna kompyuta ya ofisi, ambayo ni ya zamani sana, halafu kuna waya, halafu kuna programu yangu, ambayo kazi yake ni kuchora tu herufi zile ambazo imepewa. Haiongezi neno wala haipunguzi. Tatizo linaweza kuwa popote. Inaweza kuwa ni ofisi waliandika baadaye na kubadilisha saa. Mambo kama hayo hutokea. Nitahitaji muda.

Kitu kimoja. Kamati wakikuuliza, usiwaambie kuhusu ile siku ya Februari nilipokuja kukuza herufi kwa ajili ya Naeku. Ni jambo dogo na litawachanganya. Wajibu tu kile wanachouliza.

Jumapili sitaweza kufika. Kuna shule hapa Kitengela inataka kompyuta zake zote zikaguliwe kabla ya Jumatatu. Unajua nisingekosa kuja kama si hiyo.

Nakuombea.

Ndugu yako,
Dalmas


Shambani, Kajiado
Ijumaa, 14 Machi 2025

Dalmas,

Nimekuuliza swali la ndiyo au hapana, ukaniletea waya.

Sikugombezi. Ni vile nimechoka. Kwenye bomba la maji wanawake wanaacha kuongea nikifika. Munyiva, ambaye nilimshikia mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, jana aliinua mtungi wake nusu tupu akaenda. Wanaamini nilijua. Wanasema nilitaka kundi langu limalize kwanza ili nisifiwe. Ningekuwa wao, labda pia mimi ningesema hivyo.

Lakini si hilo linalonitisha. Kinachonitisha ni kwamba nimeanza kuliona. Nikifunga macho naona kile kioo, naona mstari wa tano, na mwisho wake naona MSIINGIE HADI ALHAMISI, maandishi makubwa, wazi kabisa. Halafu najiona nikigeuka na kusema, Naeku, nyumba ya tano, twende. Sijui tena kama ni kumbukumbu au ni vile wameniambia mara nyingi. Meneja amekuja na karatasi. Inasema niliona onyo na kwa uchovu nikasahau. Nikitia sahihi, kamati haitanipeleka polisi, nitaondoka tu. Nikikataa, yatakayofuata nijue mwenyewe. Amenipa mpaka Jumatano.

Nimekumbuka kitu. Mumo wa kundi la pili alipiga picha asubuhi ile, yeye na wenzake wameshika maua, na kioo kiko nyuma yao. Ametuma kwa Gitonga. Nimemwomba Gitonga akuonyeshe. Mimi nimeiangalia kwenye simu yake mpaka macho yakauma, na kwenye picha sioni onyo. Ninaona tu zile A zetu za pembeni. Wewe una macho ya kompyuta, iangalie.

Nilikulea, Dalmas. Nilikufundisha kushika penseli baada ya mama kufa, kwenye ile meza yenye mguu mfupi. Sijawahi kukuomba kitu. Sasa naomba.

Dolphine


Kitengela
Jumatatu, 17 Machi 2025

Dada,

Samahani kwa jana. Ile kazi ya shule iliendelea mpaka jioni.

Picha nimeiona. Kwa bahati mbaya haionyeshi kitu. Kioo kiko mbali na mwangaza wa dirisha umekipiga. Kamati hawatakubali picha kama hiyo, na nakushauri usiwaonyeshe.

Nimefikiria sana kuhusu ile karatasi ya meneja. Najua inauma. Lakini dada, hata mtu mzuri husahau. Ulikuwa umeamka saa kumi. Kulikuwa na haraka. Ikiwa kumbukumbu yako inakuambia uliliona, labda ni kweli uliliona. Na ikiwa kutia sahihi kutakuepusha na polisi, labda utie. Utakuja ukae kwangu Kitengela, Felix pia. Nitawatunza. Hilo nakuahidi kwa moyo wangu wote.

Dalmas


Hospitalini, Kajiado
Jumanne, 18 Machi 2025

Kwa fundi Dalmas wa Kitengela,

Mimi ni Purity, binti ya Naeku. Gitonga wa lori amekuja kumwona Mama na amesema anakujua, kwa hivyo nimempa hii. Mama ametolewa oksijeni jana lakini sauti yake bado ni ndogo. Anasema niandike vile anavyosema, nisiongeze yangu. Haya ni maneno yake.

Ndugu wa Mama Felix, nakusalimu kwa Kimaasai, sopa. Ni mimi Naeku, yule uliyemwekea kidole.

Siku ile ulikuja na kompyuta yako ukaniambia nilaze mkono kwenye kioo. Ukakuza maandishi kidogo kidogo, mpaka mstari mmoja ukawa sawa na unene wa kidole changu. Nilicheka siku hiyo. Nilisema huyu kijana anapima kioo kama fundi wa nguo. Tangu siku hiyo sikumuuliza mtu tena niende wapi. Kidole cha kwanza nyumba ya kwanza, na mkono ukijaa ni nyumba ya tano.

Siku ya ugonjwa niliweka mkono. Mama Felix alisema nyumba ya tano, mimi nikahakikisha kwa vidole, mkono ukajaa, nikawaambia wenzangu twendeni. Sasa nimelala hapa na ninafikiri. Labda kidole kiliteleza. Labda mkono wangu ulikuwa umevimba kwa baridi ukapita mstari. Labda nyumba ya kuvunwa ilikuwa ya nne, na Mama Felix alinisikia mimi nikisema tano akakubali. Wale wanawake watano walinifuata mimi. Mmoja ana mtoto anayenyonya. Nikiwaza hivyo, pumzi yenyewe inakataa kuingia.

Nasikia wanamlaumu Mama Felix. Sitaki alaumiwe kwa kosa la mkono wangu. Wewe ndiye mwenye kile kioo. Hakuna mwingine ninayeweza kumuuliza. Niambie ukweli, sitakasirika: kidole changu kilikosea?

Ameacha hapo. Sasa hii ni yangu, Purity. Mama analaza mkono kwenye shuka anahesabu, anaanza tena, anahesabu. Daktari amemwambia apumzike lakini hawezi. Tafadhali mjibu.

Purity


Kitengela
Jumatano, 19 Machi 2025

Dada Dolphine,

Usitie sahihi ile karatasi. Kama umeisoma sentensi hiyo tu, inatosha. Mengine ni aibu yangu.

Hukuliona onyo kwa sababu halikuwepo mahali pa kuonekana. Nimejua tangu Jumanne tarehe 11, kabla sijakujibu barua ya kwanza. Nilifungua programu hapa dukani, nikaingiza orodha ya siku ile, na dakika tatu zilitosha. Hakuna shule iliyokuwa na kompyuta za kukaguliwa. Jumapili ile nilikaa hapa nimefunga mlango.

Acha nieleze polepole, kwa sababu itabidi uwaeleze kamati. Zamani kioo chenu kilikuwa na nafasi ya herufi themanini kwa kila mstari, na orodha yote ilitosha. Nilipokuza herufi zitoshe kidole cha Naeku, zikabaki nafasi arobaini. Mistari ikawa mirefu kuliko kioo, kwa hivyo ikawa inajikunja, sehemu iliyobaki inashuka chini. Ndiyo maana kesho yake ulinipigia simu ukasema Naeku amepeleka watu nyumba isiyo yao, vidole vimepotea kwa sababu nyumba moja imekuwa na mistari miwili. Ukasema, Dalmas, fanya nyumba moja iwe mstari mmoja.

Kulikuwa na njia ndefu ya kufanya hivyo vizuri na njia fupi. Nilichukua ile fupi. Kuna swichi ndani ya programu inayosema mstari ukunjwe au usikunjwe. Nikaizima. Nilifanya nikiwa hapa dukani, nikinywa chai, sikuja hata kuangalia.

Ukiizima, herufi zinazozidi hazishuki chini. Zote zinaandikwa kwenye ile nafasi ya mwisho, moja juu ya nyingine, kila moja ikifuta iliyotangulia. Inayobaki ni ile ya mwisho peke yake. Nyumba zisizo na shida ofisi huandika RUHUSA mwishoni, kwa hivyo mlibaki na A. Uliniuliza mara moja kwa simu, hii A ya pembeni ni nini, nikakujibu haraka kwamba ni kifupi cha ruhusa. Sikuwa nimeangalia. Nilisema tu.

Sasa chukua picha ya Mumo. Nilikudanganya, inaonyesha kila kitu. Hesabu mistari pembeni mwa kioo: A, A, A, A, halafu wa tano ni I, halafu A tena. Hiyo I ni herufi ya mwisho ya ALHAMISI. Onyo lote la ofisi lilifika kwenye kioo chenu, na programu yangu ikalila mpaka ikabakisha herufi moja. Ulikuwa ukitafuta sentensi, dada, na hapakuwa na sentensi. Kile unachokiona ukifunga macho si kumbukumbu. Ni mimi na wao tumekutia kichwani.

Nikakuambia utie sahihi. Sijui nitaishi vipi na hilo. Niliogopa polisi, niliogopa watu wa Kitengela kusema fundi yule ndiye aliyeua watu Kajiado, kwa sababu nilidhani Naeku atakufa. Leo asubuhi Gitonga ameniletea barua ya Naeku. Ananiuliza kama kidole chake kilikosea. Anadhani ni yeye. Wewe unadhani ni wewe. Nyinyi wawili mnagawana kosa ambalo mwenyewe amekaa hapa anakunywa chai.

Nimetengeneza programu. Mstari unakunjwa tena, lakini sasa kila nyumba inapewa mistari miwili, iwe na maneno mengi au machache, na onyo linakuja mwanzo kabla ya jina la maua. Vidole viwili nyumba moja. Ingenichukua siku moja tu mwezi wa Februari.

Wape kamati barua hii. Nitakuja mwenyewe wakinitaka.

Dalmas Obonyo


Shambani, Kajiado
Alhamisi, 20 Machi 2025

Dalmas,

Gitonga amefika leo saa mbili asubuhi na barua yako. Mimi nilitia sahihi jana saa nane mchana.

Nilitia kwa sababu uliniambia. Nilikuwa na barua yako ya Jumatatu mfukoni, nikaisoma tena nje ya mlango wa meneja. Hata mtu mzuri husahau. Nikasema, kama Dalmas anayejua kioo hiki ndani na nje ameona hivyo, basi ni hivyo. Meneja alinipa kalamu, akaniambia nimefanya vizuri.

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi huwa nacheka nikisikia, kwa sababu kwangu nguoni ulikuwa wewe tu.

Nimepeleka barua yako kwa kamati, waliokuwa wakijiandaa kwa kikao cha kesho, pamoja na picha ya Mumo. Nilisimama nikawahesabia zile herufi pembeni, moja moja. Mwenyekiti alivaa miwani, akaangalia muda mrefu. Halafu akasema barua ya ndugu si ushahidi, ndugu anaweza kuandika chochote kumwokoa dada yake, na karatasi yenye sahihi yangu iko hapa mezani. Nikamwambia ndugu huyu ameandika kinachommaliza yeye mwenyewe. Akasema basi aje kesho saa nne, alete hiyo programu kama ilivyokuwa siku ile, aiwashe mbele yetu, na aseme kwa mdomo wake. Polisi wa kituo pia atakuwepo. Usipofika, wataendelea na karatasi yangu.

Sitakuambia nimekusamehe. Labda itakuja, sijui. Nilikaa usiku kumi na tano nikijiona muuaji, na wewe ulikuwa na jibu kwenye droo. Kamati ikikuachilia au isipokuachilia, hilo litabaki kati yetu, na usilizungumzie kwa haraka.

Umjibu Naeku. Mimi nitangoja, yeye hawezi. Usimpelekee waya na swichi na herufi arobaini. Mpe jibu ambalo anaweza kuliwekea mkono.

Kesho saa nne. Gitonga atapita dukani kwako saa moja. Nimemwambia kama mlango utakuwa umefungwa, asingoje.

Dolphine


Kajiado
Jumamosi, 22 Machi 2025

Mama Naeku, nakusalimu kwa Kimaasai, takwenya.

Hii barua nimeiacha kwa nesi kwa sababu sikuruhusiwa kuingia wodini, nilifika na askari aliyenileta kutoka kituoni. Jana nilisimama mbele ya kamati. Niliwasha programu kama ilivyokuwa, orodha ikatokea, na ile I ikakaa pembeni mbele ya watu wote. Karatasi aliyotia sahihi Mama Felix wameichana. Mimi natakiwa kituoni kila Jumatatu mpaka waamue. Dada yangu alikuwa amekaa mstari wa mbele na hakuniangalia, lakini nilipotoka alikuwa ameniachia kikombe cha uji kwenye benchi.

Uliniuliza swali moja na nikachelewa kukujibu. Purity, usimsomee kwanza. Mshike mkono. Mistari iliyo hapa chini nimeipima kwa rula, ni sawa na kidole chake. Mwekee kidole kimoja kwa kila mstari, ndipo umsomee, mpaka mkono ujae.

Wewe ulihesabu vizuri.

Nyumba ilikuwa ya tano.

Mama Felix hakuona onyo.

Onyo lilifutwa na kioo.

Aliyekosea kwenye kioo ni mimi.

Dalmas Obonyo